Papa Dorine, Nyuki Wamerudi Kibati

Mwaka umetimia, Papa Dorine, tangu asubuhi ile ya mwezi wa tano ulipoweka randa chini, ukaketi juu ya rundo la mbao na kusema umechoka kidogo. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa hukuwahi kusema neno hilo, na tungepaswa kushtuka papo hapo. Mke wako Kahindo alikujibu kutoka dukani kwake, ng'ambo ya ua, kwamba mtu anayechoka saa tatu asubuhi anywe chai. Ulicheka. Kabla ya maji kuchemka ulikuwa umetutoka. Ni moyo, daktari alisema.

Kwa hiyo neno la mwisho ulilolisikia kutoka kwake lilikuwa utani, na sauti ya mwisho aliyoisikia kutoka kwako ilikuwa kicheko. Kahindo anasema hilo linamtosha.

Leo hatukuandikii ili tulie. Tulilia vya kutosha. Tunakuandikia kwa sababu kuna habari, nyingi ni nzuri, na wewe ulikuwa mtu wa kutaka habari kabla hujavua viatu.

Wanaosoma haya na hawakukujua, wajue kwamba Habiyaremye Édouard alikuwa seremala wa Ndosho. Ulitengeneza vitanda, milango, meza za shule, na ulizitengeneza vizuri, lakini hukuzipenda. Ulichokipenda ni mizinga ya nyuki, uliyoisimamisha kwenye shamba la kwenu Kibati, mlimani. Mteja aliyekuja kudai kabati lake alikukuta umeinama juu ya mzinga, akaambiwa asubiri, na mara nyingine akaondoka akiwa ameagiza mzinga badala ya kabati.

Mzinga wako ulikuwa mrefu na mwembamba chini, kama hori la kunyweshea ng'ombe, wenye kifuniko. Ndani ulipanga vijiti ishirini na vinne, kila kimoja kipana sawa na kile kipande cha mbao cha kupimia ulichokivaa shingoni kwa kamba. Kijiti kikizidi upana, ulisema, nyuki wanajenga ovyo na masega yanashikana, kikipungua, wanakudharau. Chini ya kila kijiti ulipaka mstari wa nta ili wajue pa kuanzia. Miguu ya mzinga uliisimamisha ndani ya makopo ya nyanya yaliyojaa oili chafu ya gari, siafu wasipande. Mlango uliuelekeza kwenye jua la asubuhi, na mgongo wa mzinga ukaupa upepo unaoteremka kutoka mlima Nyiragongo.

Kisha ulibisha hodi. Hatuwadanganyi wasomaji: kila ulipokwenda kufungua mzinga, uligonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, ukasema, hodi wenye nyumba. Kahindo alikuuliza siku moja kama waliwahi kukukaribisha. Ukamwambia kwamba nyuki, tofauti na wakwe wa Butembo, hawamuulizi mtu kabila lake mlangoni. Wakwe zako wa Butembo walipoisikia hiyo walicheka kuliko wote, kwa maana ilikuwa kweli. Mke Mnande wa Butembo na mume wa Kibati anayesema Kinyarwanda, watu walisema hamtafika Krismasi ya pili.

Kuvuna ulivuna saa kumi na moja jioni, jua likipungua makali. Uliwasha mavi makavu ya ng'ombe ndani ya kopo la maziwa, ukapuliza moshi taratibu, ukangoja. Haraka ilikuwa dhambi kwako. Ulikata masega yaliyofunikwa tu. Yenye watoto wa nyuki hukuyagusa. Na theluthi nzima ya asali uliiacha. Ukila chakula chote cha mpangaji, ulisema, usishangae akihama. Asali uliichuja kwa kitambaa cheupe, ukaiacha itulie siku mbili, na mama mmoja wa Kituku alipokuambia kwamba yeye huichemsha ili isiharibike, ulimtazama kwa huruma ukasema, "Mama, asali si maharagwe."

Na lilikuwepo koti. Zamani lilikuwa la kijani. Lilikuwa limelowa nta, moshi na gundi ile nyeusi ya nyuki, kwa sababu hukujua kitambaa kingine cha kufutia mikono. Kahindo alisema koti hilo linaweza kusimama peke yake. Halikuingia ndani ya nyumba hata siku ya mvua. Lilikaa kwenye msumari wake nje ya karakana, na majirani walikuwa wakijua uko nyumbani kwa kuliona.

Halafu yakaja mambo ya vita tunayoyajua wote. Kwa miezi minne barabara ya Kibati haikupitika, na uliporudi ulikuta mizinga yako yote kumi mitupu. Watu waliokuwa wakikimbia walikuwa wamewachoma nyuki wakala asali pamoja na nta. Tulitaka ulaani. Ulisema mtu mwenye njaa habishi hodi, ukaishusha mizinga hadi Ndosho uitengeneze. Ulikuwa umebadilisha mbao zilizoungua, ukaweka vijiti vipya kwenye mzinga wa mwisho, na hapo ndipo ulipochoka kidogo.

Sasa tuanze na kosa, maana kosa lilikuja kwanza.

Siku ya kumaliza matanga nyumba husafishwa, ili huzuni itoke na maji machafu. Kila mtu anafagia, anafua, anamwaga. Lakini mke wako ni mtoto wa Butembo mwenye diploma ya maendeleo vijijini, na mambo hayo mawili yakikutana na ndoo ya maji, hakuna kinachobaki na vumbi. Alifua mashuka, mapazia, mashati yako yote, foronya yako. Aliosha misumeno yako na kuipaka mafuta. Aliosha benchi la kazi. Kisha akaiona mizinga kumi imepangwa ukutani, imechafuka kwa nta ya zamani na masizi, na akaona aibu kwamba kitu chako kibaki katika hali hiyo.

Papa Dorine, aliiosha. Aliikwangua kwa kisu, akaisugua kwa brashi na sabuni ya unga, ndani na nje, kijiti kwa kijiti, na kwa kuwa mikono yake haikujua pa kuishia siku ile, akaimalizia kwa maji ya javeli, ile dawa kali ya kung'arisha nguo. Akaisuuza mara tatu, akaianika juani siku tatu. Iling'aa kama sahani za harusi.

Mama yako Mukabalisa alikuwa amekaa barazani muda huo wote. Aliona. Amelelewa katikati ya mizinga, baba yake alikuwa nayo, mume wake alikuwa nayo, na aliona kila kitu tangu brashi ya kwanza. Hakusema neno. Kahindo alimtazama mara moja, akamkuta amenyamaza, akajua kwamba mkwe wake ameridhika, akaongeza sabuni.

Nguo zako ziligawanywa. Mashati yalikwenda kwa wanaume wa kwenu, viatu kwa Modeste wa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, aliyekubebea mbao miaka yote. Koti kaka yako Zéphirin aliliomba kabla halijafika kwenye beseni. Kahindo alimpa haraka kama mtu anayeondoa panya nyumbani.

Mwezi wa saba ndipo Zéphirin alipoleta lile neno la kukata miti na kugawa shamba. Mlijua ninyi ndugu wawili kwamba litakuja siku moja: mikaratusi ya Kibati ilipandwa na marehemu baba yenu, shamba halikuwahi kugawanywa, na miti ilibaki imesimama kwa sababu wewe uliomba maua yake yabaki kwa ajili ya nyuki. Zéphirin alikaa kwenye kiti chako, akaona amekosea, akahamia kwenye kiti kingine. Si mtu mbaya. Ana watoto sita na paa linalovuja, na mpasua mbao alikuwa amekwisha kuja kwake mara mbili kuulizia miti.

"Shemeji, sikukatalie kitu," alisema. "Lakini mzinga bila nyuki ni mbao tu. Édouard alikuwa na sababu ya ile miti. Wewe uko na sababu gani?"

Kahindo akasema nyuki watarudi. Zéphirin akamuuliza nani atavuna, kwa maana kwenu mwanamke hafungui mzinga.

"Basi utafungua wewe," Kahindo alisema.

Hapo hata Mama Mukabalisa alificha mdomo kwa kitenge. Kibati nzima inakumbuka siku ulipomwita kaka yako akushikie ndoo, na nyuki mmoja, mmoja tu, akamzunguka sikio. Ndoo ilipatikana shambani na Zéphirin alipatikana karibu na kanisa.

Walikubaliana hivi: mikaratusi ilikuwa inakaribia kuchanua. Maua yakianguka na mizinga bado mitupu, miti inakatwa na shamba linagawanywa. Hata mzinga mmoja ukipata nyuki, miti inabaki.

Tukueleze kwa nini Kahindo alikubali sharti hilo, yeye ambaye alikuwa akikuambia kwamba nyuki ni nzi wenye kiburi. Hakupigania asali. Alijua kwamba shamba likigawanywa bila wewe, mjane wa Ndosho na watoto wawili wanaosema Kinyarwanda kwa lafudhi ya Butembo watapewa kona karibu na barabara. Baada ya miaka, kona itakuwa kakona. Na siku moja Dorine na Benny watafika Kibati, kwao, kwenye udongo wa babu yao, na mtu atatoka nyumbani awaulize wanamtafuta nani. Hilo ndilo lililomfanya apande mlima.

Modeste aliipeleka mizinga kwa chukudu, safari tano, miwili miwili, akisukuma kichwa kikiwa chini. Kwa weupe wa mizinga, watu wa njiani walimuuliza kama anapeleka masanduku ya kura. Kahindo aliisimamisha pale pale ulipoisimamisha wewe, makopo yale yale, oili mpya, milango kwenye jua. Alipaka hata nta kwenye vijiti? Hapana. Nta alikuwa ameikwangua na kuitupa, na vijiti vilionekana vizuri zaidi bila uchafu huo.

Maua yakafunguka. Shamba lote likavuma, juu, kwenye matawi. Nyuki walikuwepo kwa maelfu, hatujui walikuwa wanalala wapi. Chini, kwenye mizinga, walikuja wawili au watatu, wakasimama mlangoni kama wakaguzi wa shule, wakaingia hatua mbili, wakatoka, wakaondoka bila kuaga. Kila siku hivyo. Kahindo alipanda Kibati kila alasiri baada ya kufunga duka. Aliisogeza mizinga kivulini, akairudisha juani. Aliweka maji ya sukari. Yakanywewa na sisimizi. Alichora jedwali lenye safu tano, kama alivyofundishwa, na safu ya mwisho iliyoandikwa "matokeo" ilibaki tupu wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Dorine alikwenda naye Jumamosi moja, akaingiza kichwa ndani ya mzinga.

"Mama, inanuka kama wodi ya materinite."

"Asante," mama yake alisema.

Wiki ya tano maua yalianza kudondoka. Ardhi chini ya miti ikawa na rangi ya maziwa. Na Jumatatu moja asubuhi, baridi ya Kibati ikiwa bado haijainuka, Zéphirin alifika na kamba ya kupimia na mpasua mbao. Hakuja kwa ubishi. Alisema anapima tu, ili siku ikifika wasipoteze muda. Kahindo, aliyepanda alfajiri siku hiyo kwa sababu maua yalikuwa yanaisha, alikuwa amefika kabla yake, na Mama Mukabalisa alikuwa akipalilia maharagwe yake pembeni. Kaka yako alianza na mti wa kwanza, akaukumbatia kwa kamba, na alikuwa amevaa koti lako kwa sababu ya baridi.

Jua lilipomfikia begani, nyuki wa kwanza alitua kwenye mkono wa koti.

Zéphirin aliganda. Akatua wa pili, wa tatu. Mpasua mbao alirudi nyuma hatua kumi akajikuta kwenye maharagwe. Zéphirin alianza kuinua mkono, na Kahindo akamwambia asimame, asipige, asipumue kwa nguvu. Alisogea hadi karibu naye. Na hapo akaona jambo ambalo macho yake ya jedwali hayakuwahi kuliona: nyuki wale hawakuwa na hasira. Walikuwa wanatembea. Walinusa mfuko, wakaingia, wakatoka. Walifuata mshono wa mkono wa koti polepole, kama watu wanaotazama nyumba ya kupanga. Kwenye mkono wa kulia peke yake alihesabu kumi na wanne. Kwenye mizinga kumi misafi hakukuwa na hata mmoja.

Alielewa yote kwa mara moja: walitafuta harufu ya nta, ile aliyoiosha yeye. Uso ukamwaka moto.

"Hii koti," alimuuliza, "umeshaifua?"

"Hapana."

"Tangu mwezi wa tano?"

Zéphirin hakumtazama. Alitazama kamba iliyokuwa imezunguka mti.

"Nikiifua, Édouard anaisha," alisema.

Mke wako akakumbuka. Alikuwa amefua foronya yako siku ya kumaliza matanga, na jioni ile ile, alipokwenda kuinusa, alikuta sabuni. Alifungua kabati, akanusa mashati yaliyobaki, sabuni. Hakumwambia mtu. Na sasa alikuwa amesimama mbele ya mtu aliyekuja kukata miti, akiwa amekuvaa mwilini miezi minne bila kukufua, na mtu huyo aliogopa nyuki na bado hakulivua koti.

Kisha Zéphirin akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kupanda Kibati na kukuta mizinga yako kimya kulimuuma kuliko nyuki, na kwamba alidhani miti ikiondoka na yeye ataacha kuangalia upande huo.

Mama Mukabalisa aliweka jembe chini, akaja. Kahindo alimgeukia. "Mama, uliniona nikiosha."

"Niliona."

"Na hukusema."

"Nilisema moyoni, labda njo desturi ya Butembo. Mutu akiwa na kilio chake, humufundishe kuosha."

"Na mimi nilikuona umenyamaza, nikajua umefurahi. Njo maana nikaleta javeli."

Mama yako alianza kutikisika mabega. Tulidhani analia. Alikuwa anacheka, na Kahindo naye akashikwa, wakashikana mikono wawili wale wakicheka hadi machozi yakawatoka, na mpasua mbao akiwa maharageni hakujua kama asogee au akimbie. Tangu tukuzike hawakuwa wamecheka pamoja.

Kisha Kahindo akasema wazi anachokitaka. Alilitaka koti. Alitaka kulipasha moto, kusugua mizinga kwa nta yako, na kuacha kipande ndani ya kila mmoja. Zéphirin alishika ukosi kwa mikono miwili akasema hapana. Kahindo hakumlazimisha, pengine ndiyo mara ya kwanza maishani mwake. Alisema tu kwamba maua yamebaki wiki moja, mbili kwa bahati, na akaenda kuanza kukwangua javeli kwa jiwe.

Kaka yako alikaa juu ya gogo. Nyuki walimzunguka na yeye hakukimbia. Mwishowe alivua koti, akaomba kisu cha mpasua mbao, akakata mkono wa kulia kwenye mshono wa bega, polepole, kama wewe ulivyokata sega. Akakata na wa kushoto. Akampa Kahindo mikono miwili ya koti, na kilichobaki akakivaa tena.

Mikono ile waliikata vipande kumi. Waliipasha juu ya moto mdogo hadi nta ikatoka jasho, wakasugua kuta, vijiti, milango, hadi mbao zile nyeupe zikawa na rangi ya chai ya rangi. Kila kipande Kahindo alikipigilia chini ya kifuniko kwa msumari mmoja kutoka dukani kwake. Mama Mukabalisa alisimamia, na safari hii alisema kila kitu: si hapo, bado kuna javeli, sugua tena.

Siku ya tisa kundi la kwanza liliingia. Benny ndiye aliyeliona, akiwa ametumwa kuongeza oili: wingu dogo lenye kelele lilishuka kutoka kwenye mikaratusi, likajipanga mlangoni mwa mzinga wa tatu, likaingia kwa utaratibu kama watu wa misa ya kwanza. Alikimbia hadi barabarani kutafuta simu. Kahindo alifunga duka saa sita mchana, jambo ambalo hakulifanya hata kwa serikali, akapanda moto, pikipiki ya kukodi, hadi Kibati, akasimama mbele ya mzinga ule. Aliandika kwenye safu ya mwisho ya jedwali lake: wamekuja.

Maua ya mwisho yalipoanguka, mizinga sita kati ya kumi ilikuwa na wenyewe. Zéphirin alikwenda mwenyewe kumwambia mpasua mbao asirudi. Paa lake tulilitengeneza kwa mbao zilizokuwa zimebaki kwenye karakana yako. Tunajua ungefanya hivyo mapema zaidi, na ungesahau kabati la mtu.

Na sasa habari ya mwisho. Mwezi uliopita tumevuna.

Swali la nani afungue lilirudi. Zéphirin alisema desturi ni desturi. Kahindo akampa kisu. Zéphirin akakitazama kisu, akautazama mzinga, akasema kwamba desturi, ukiichunguza vizuri, haikukataza mwanamke kufungua kama mwanamume yuko karibu. "Karibu kiasi gani?" Kahindo aliuliza. Akaambiwa, pale ambapo moshi unafika. Basi alifungua yeye, na kaka yako akapuliza moshi, mwingi mno, hadi wote wawili wakakohoa, naye akiwa ndani ya koti lisilo na mikono na soksi mikononi hadi kwenye viwiko. Kahindo alidungwa mara mbili, mdomoni na kwenye kidole gumba, akasema maneno ya Kinande ambayo hatuyaandiki hapa. Alikata masega yaliyofunikwa tu. Alipofika mahali pa kuacha, aliacha.

Unajua desturi ya nyumba yenu: sega la kwanza la shamba hukatwa kipande, huwekwa kwenye sahani, na mwenye shamba huonja kabla ya mtu yeyote kulamba kidole. Baba yenu alionja. Baada yake ulionja wewe, kwa kuwa mizinga ilikuwa yako na kaka yako hakutaka kusogea. Sasa sahani ilikuwa mikononi mwa Mama Mukabalisa, majirani wamekuja, watoto wa Zéphirin wote sita wamekaa kwenye nyasi, na kila mtu alielewa kwamba kinachogawanywa pale si asali peke yake.

Mama yako alimpelekea Zéphirin, mkubwa wa nyumba. Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Kahindo, mdomo umevimba, aliinama akajifanya anafunika ndoo.

Zéphirin alivua soksi. Akaipokea sahani, akaishika kitambo, kisha akatembea hadi walipokaa Dorine na Benny, akachuchumaa, akaiweka chini mbele yao.

"Wenye shamba ni hawa," alisema. "Muonje, watu wana njaa."

Mama Mukabalisa hakupinga. Alikaa chini kati ya wajukuu wake, akawafundisha kutafuna nta bila kuimeza. Dorine alichukua kipande kidogo kwa adabu. Benny alichukua kilichobaki.

Tunakukumbuka sisi wako: mke wako Kahindo, watoto wako Dorine na Benny, mama yako Mukabalisa, kaka yako Zéphirin na watoto wake, wakwe zako wa Butembo, Modeste wa chukudu, majirani wa Ndosho na wa Kibati. Misa yako itasomwa Jumamosi saa moja asubuhi parokiani Ndosho, na baada ya misa wote wanaokupenda wapande Kibati, chakula kipo. Wasijipake manukato, nyuki hawayapendi.

Siku ya kukusahau haipo, Papa Dorine. Hata tukiitafuta hatutaiona.